Karatasi Namba Tisa

Wenzangu mliobaki kituoni, mliniomba niwaandikie kazi ilikuwaje enzi zetu. Nadhani mlitaka habari za mashine ya kudurufu na jinsi tulivyorudi nyumbani vidole vikiwa vyeusi kwa wino. Hizo zipo, nitaanza nazo. Lakini sehemu kubwa ya maandishi haya ni habari ya hofu. Vyeo nilivyopanda mnaweza kuvisoma kwenye jalada langu. Havikunifundisha kitu, nimeviacha huko huko.

Nilifika kituo cha walimu Mbeya nikitokea shule ya msingi moja ya Tukuyu, nilikofundisha sayansi miaka sita. Nilijidanganya kwamba nakuja kupumzika na kelele za watoto. Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Sanga, Mkinga wa Makete, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, mtu aliyekuwa akiandaa karatasi za masomo tangu mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Hakunikaribisha chai. Alinikalisha mbele ya taipureta, akanipa stensili moja na somo la vipimo, akaniambia nichape bila kukosea kwa sababu stensili zimebaki tatu na mwezi bado mrefu. Nilikosea mstari wa pili. Akachukua chupa ya dawa ya kufutia, akapaka tone moja, akapuliza, akanirudishia. Mpaka jioni alikuwa amepuliza mara kumi na moja. Ningependa zaidi kama angefoka.

Kazi yetu ilikuwa moja: kuandaa karatasi za kufundishia na kuzigawa bure. Hesabu, Kiswahili, jiografia, sayansi, darasa la tatu hadi la saba, kwa shule ambazo watoto wa dawati zima walikuwa wakichungulia kitabu kimoja. Chini ya kila karatasi tuligonga muhuri: HAIUZWI. Zilipanda mabasi mikononi mwa makondakta, zikapanda malori ya mahindi, zikafungwa kwenye baiskeli za walimu wakuu, zikafika Mbarali, Makete, Iringa na kwingine ambako hatukujua. Mwalimu wa Mufindi alinakili kwa mkono akampa wa Kilolo. Hatukuwa na orodha ya nani anayo nini. Kitu cha bure hakina risiti. Nilipokuwa kijana jambo hilo lilinifurahisha sana.

Mzee Sanga halikumfurahisha. Aliniambia neno moja wiki ile ya kwanza, nami nililiona la kizee: "Mwalimu akikosea darasani, kuna mtoto atanyoosha mkono. Karatasi ikikosea, mtoto atadhani mjinga ni yeye."

Kwa hiyo alikuwa na sheria. Hakuna karatasi ya vitendo iliyotoka kituoni kabla Mama Atu, mpishi wetu, hajaifanya kwa mikono yake. Alipewa karatasi na vifaa, sisi tukakaa kimya pembeni. Hatukuruhusiwa kumweleza lolote. Karatasi moja ya sumaku ilisema, "Shikilia mpaka uone badiliko." Mama Atu alishikilia mpaka saa ya chai, na siku hiyo chai haikupikwa. Karatasi ikarudi mezani.

Karatasi za jiografia hazikupita kwa Mama Atu, na hapo ndipo nilipoumbuka mara ya kwanza. Niliandika kwamba Ruaha Mkuu unamwaga maji yake Ziwa Nyasa, wakati unakwenda Rufiji. Sijui nilikuwa nawaza nini. Baada ya mwezi ikaja barua kutoka kwa mwalimu wa upande wa Idodi, jina lake Kikoti, Mhehe ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Alisalimia kwa heshima zote, akaulizia afya yangu na ya familia, kisha akaandika kwamba yeye na wanafunzi wake wamekwenda kuuangalia mto, nao mpaka asubuhi ile ulikuwa bado haujageuka. Nilicheka, halafu nikakosa usingizi. Nililala nikihesabu shule ambazo watoto walikuwa wamekariri ule uongo wangu wakaufanyia mtihani.

Miaka ikapita. Mzee Sanga akastaafu, akarudi Makete, na baadaye tukaenda kumzika. Mama Atu akapumzika, na nafasi yake haikujazwa. Mashine ya kudurufu ikasukumwa stoo, tukapata kompyuta, kisha mtandao. Karatasi iliyokuwa ikichukua wiki mbili kufika Iringa sasa ilifika kabla sijanyanyuka kitini. Walimu walizipakua, wakazitia kwenye memori kadi, wakarushiana kwenye magrupu ya simu. Sheria ya Mzee Sanga tuliendelea nayo, ila kwa ulegevu. Nilimwita yeyote aliyepita koridoni.

Halafu ukaja mwaka ule wa ugonjwa, shule zikafungwa nchi nzima. Tukaagizwa tuandae karatasi za kujisomea nyumbani, haraka, somo moja ukurasa mmoja, ili familia isiyo na simu iweze kupata nakala. Ofisini tulibaki watu watatu, kila mmoja chumba chake, tukisalimiana kwa mbali. Koridoni hakuna anayepita.

Karatasi namba tisa ilikuwa ya sayansi, darasa la sita: kuthibitisha kwamba jani lina wanga. Niliitoa kwenye kazi ya zamani ya Mzee Sanga. Unachemsha jani kwenye maji juu ya jiko. Kisha unalihamishia kwenye kikombe chenye spiriti, na kikombe hicho unakisimamisha ndani ya yale maji ya moto ili spiriti ilivue jani rangi yake ya kijani. Mwisho unadondoshea iodini, na jani linageuka karibu jeusi. Vitu vyote vinapatikana nyumbani au duka la dawa. Niliandika mzazi awepo. Lakini kazi ilizidi ukurasa kwa mistari miwili, nami nikaanza kupunguza. Nikaunganisha hatua ya tatu na ya tano. Hatua ya nne, iliyokuwa katikati, ikapotea. Ilikuwa na maneno sita: Epua sufuria, uipeleke mbali na moto.

Kwa asiyejua, spiriti inapopata joto hutoa mvuke, na mvuke huo hauhitaji kuguswa na moto. Unautafuta wenyewe.

Niligundua siku ya Jumanne, karatasi ikiwa imetoka wiki nzima. Nilikuwa natafuta mchoro kwenye jalada la Mzee Sanga, nikaona mwandiko wake wa kalamu nyekundu, amepigia mstari hatua ya nne mara mbili. Nikafungua ya kwangu kwenye kompyuta. Niliisoma mara tatu, kila mara nikidhani macho yangu yameruka mstari. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati.

Sasa nawaambia nilichofanya, na nafsi yangu haina pa kujificha. Niliirudisha hatua ya nne. Nikaiweka karatasi mpya mtandaoni kwa jina lile lile, pahala pale pale. Nikafunga mlango, nikaenda nyumbani. Sikumwambia mkuu wa kituo. Sikumpigia mtu yeyote. Nilijiambia kwamba watakaoipakua kuanzia hapo wako salama, na waliokwisha kuichukua pengine hawana hata spiriti. Ukweli ni kwamba niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa moto. Nilikuwa nimebakiza miaka michache, na jina langu lilikuwa limeandikwa chini ya kila karatasi kutoka Tunduma hadi Iringa.

Jumatano sikula. Simu ikilia nilitazama kwanza namba, kisha nikasubiri mlio ukatike.

Alhamisi nilipita Mwanjelwa kununua sabuni. Kwenye steshenari moja, juu ya kamba, karatasi zetu zilikuwa zimebanwa kwa vibanio vya nguo, za hesabu, za Kiswahili, na namba tisa. Alikuwepo mama mmoja na mtoto mgongoni, anamwuliza muuzaji ipi ni ya darasa la sita. Akapewa namba tisa. Akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko pamoja na nyanya. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia mtoto akipumua. Nilichotakiwa kusema ni maneno sita. Nikamwacha akaondoka. Kisha nikamwuliza muuzaji zimebaki ngapi za namba tisa, akasema tatu, nikazichukua zote. Nilipofika nyumbani nikazichana, nikajiona nimefanya jambo. Yule mama sikumwona tena. Mpaka leo sijui.

Ijumaa nikalala na homa. Jumapili asubuhi, nikijiandaa kwenda kanisani, simu ikaita na namba sikuijua. Hiyo niliipokea, sijui kwa nini. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya Usangu. Alisema kuna mwanafunzi wake wa darasa la sita, anaitwa Minza, binti wa wafugaji waliohamia pale kutoka Usukumani, ameungua jana Jumamosi akifanya jaribio. Mama yake ameungua viganja akimzima. Wamepelekwa hospitali Mbeya. Alitaka kuniuliza, kwa kuwa jina langu liko kwenye karatasi, kama jaribio lile lilihitaji kifaa ambacho hawakuwa nacho.

Nikamwambia nitamjibu baadaye, nikampigia mkuu wa kituo nikamweleza kosa la hatua ya nne. Aliniuliza nimeligundua lini. Nikamjibu: "Sasa hivi, baada ya simu hii."

Huo ndio uongo wangu wa pili kimaandishi, maana baadaye uliingia kwenye ripoti. Wa kwanza ulikuwa wa mto.

Jumatatu nilikwenda hospitali. Kwenye wodi ya walioungua nilimkuta baba yake Minza, mzee mrefu, fimbo yake ameisimamisha nje mlangoni kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Minza alikuwa amelala ubavu, mkono wa kulia na shingo vimefungwa bandeji, macho wazi yanatazama ukuta. Mama yake alikaa chini, viganja vimefungwa, amevilaza mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Nikajitambulisha kwamba ni mwalimu, natoka kituo cha walimu. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa.

Yule mzee akanisalimia, akanipisha kwenye kiti. Kisha akatoa mfukoni mwa koti karatasi namba tisa, imeungua pembe moja. Alisema kwamba tangu shule zifungwe hakuna mwalimu aliyefika kwao ila karatasi hii, kwa hiyo walimwambia mtoto aitii neno kwa neno. Akanisogezea.

"Mwalimu, nioneshe mtoto alipokosea. Yeye anasema hajaruka kitu, na mimi nimemgombeza sana. Nataka ajue kosa lake asirudie."

Minza hakugeuka, lakini niliona mabega yake yamekaza. Alikuwa akisubiri kuoneshwa.

Nikasema hakukosea. Nikasema mstari umerukwa, na aliyeuruka ni mimi. Mzee akaitazama karatasi muda mrefu, kisha akamweleza mkewe kwa Kisukuma. Yule mama akaniangalia mara moja tu. Hakuna aliyenipandishia sauti. Niliaga nikatoka.

Nilisema mstari umerukwa. Sikusema nilijua tangu Jumanne.

Kuanzia siku hiyo tulizisaka karatasi zile kama watu wanaokimbiza nyuki mmoja mmoja. Kuziweka mtandaoni kulichukua dakika moja; kuzirudisha hakukuisha. Shule zilifungwa lakini makanisa yalikuwa wazi, kwa hiyo tuliwaandikia Walutheri na Wakatoliki, na tangazo likasomwa baada ya ibada Mbeya na Iringa: mwenye karatasi ya sayansi namba tisa aandike kwa mkono maneno haya sita, au aichome. Redio ya mkoa nayo ikasoma. Mimi nilizunguka na kalamu. Nilikwenda Mbarali, Makambako, Mafinga, nikaingia nyumba za watu nikiwa nimeziba pua na mdomo kwa barakoa, nikiomba nioneshwe madaftari ya watoto. Kila nilipoikuta bila hatua ya nne, niliiandika kwa mkono. Kila nilipoambiwa, "Ah, hiyo tulimpa jirani," nilikwenda kwa jirani huyo.

Nilimpigia Mwalimu Kikoti, akiwa bado anafundisha huko huko upande wa Idodi. Nilimwomba apite kwa wazazi wake wote. Akasema, "Kamwene, mwalimu," tukasalimiana mpaka mwisho kama kawaida yake, ndipo akaniambia kwamba kwake hakuna haja. Hatua ya nne aliiongeza kwa kalamu kabla hajagawa nakala hata moja. Tangu ule mto, karatasi zangu zote huzisoma akiwa na kalamu mkononi.

"Kwa nini hukunipigia, mwalimu?"

Akasema alidhani kila mwalimu ananisoma hivyo, na hakutaka kunivunjia heshima mara ya pili. Nikamwambia wa kulaumiwa si yeye, nikakata simu, nikakaa nikijua kwamba mzee wa watu hatalala, na kwamba mimi ningeweza kumpa usingizi kwa sentensi moja na sikuitoa.

Hatukusikia mwingine aliyeungua. Nasema hatukusikia. Minza alikaa wodini wiki nyingi. Ngozi ilipona kwa makovu, mkono ukarudi kukunjuka baada ya mazoezi ya maumivu, akarudi shule. Ripoti ikasema ni kosa la uhariri lililotokana na haraka, lilirekebishwa mara tu lilipogundulika. Nilipewa barua ya onyo. Wenzangu mlinionea huruma, mkasema nimejituma sana kulisahihisha. Mlipokuwa mkinisifu hivyo nilikuwa natazama meza.

Sheria ya Mzee Sanga niliirudisha kwa ukali mnaoujua. Mlinicheka kwa kuwasimamisha walinzi na wauza maandazi wafanye majaribio ya sayansi. Sawa. Lakini wengi wenu mlidhani ninachoogopa ni kukosea. Kukosea kila mtu atakosea. Mimi nilikuwa naogopa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.

Wiki ya tatu baada ya kustaafu na kuagwa, nilipanda basi mpaka Chimala, nikachukua bodaboda kuingia Usangu. Nilikuwa nimekwenda huko mara kadhaa miaka hii, nikipeleka vitabu, nikipokewa vizuri mno, na kila mara nimerudi sijawaambia habari ya Jumanne. Safari hii sikubeba kitu, nisije nikajificha nyuma ya zawadi.

Minza amemaliza kidato cha nne. Alikuwa anapepeta mpunga uani, amevaa mikono mirefu kwenye jua lile. Alinipa shikamoo, akanipa kigoda. Baba yake alikuwa machungani. Mama yake alitoka jikoni kunisalimia. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo nilimwomba Minza anitafsirie kila nitakalosema, asipunguze. Nikawaambia. Niligundua kosa kabla hamjaungua. Nikarekebisha kwenye kompyuta nikakaa kimya. Niliogopa.

Minza aliacha ungo.

"Uligundua siku gani?"

"Jumanne."

"Mimi nilifanya Jumamosi."

"Najua."

"Namba ya mwalimu mkuu ulikuwa nayo?"

Nikasema ningeipata kwa dakika tano.

Akamgeukia mama yake, akatafsiri. Alitafsiri polepole, na nilijua hakupunguza kwa sababu alipofika kwenye siku alizihesabu kwa vidole. Mama yake akajibu maneno machache, akarudi jikoni. Nikamwuliza Minza amesema nini. Nilikuwa nimeshika kigoda kwa mikono yote miwili.

"Amesema ule kwanza."

Wali uliletwa na maziwa ya mgando. Yule mama alininawisha mikono mwenyewe, na viganja vyake vilivyosinyaa viligusa vidole vyangu. Sijawahi kula chakula kwa hofu kama ile, na nilikimaliza chote kwa sababu sikujua kama nina ruhusa ya kubakiza.

Jua lilipopungua Minza akanisindikiza hadi barabarani kungoja bodaboda. Nilipoona pikipiki inakuja nikamwambia kwamba ofisini hakuna anayejua habari hii, na kwamba wenzangu wameniomba niandike kumbukumbu zangu za kazi. Nikamwuliza kama ana neno angependa niwaambie.

Pikipiki ikasimama.

"Usiwaandikie kwamba nimekusamehe," alisema. "Sijui bado. Waandikie siku nne."